Zumari ya Mfuko Katika Ukumbi wa Dansi

Mwaka 2003 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yenye jina fupi, Grit. Ndani yake sauti za wazee wa Uskoti, wengi wao wakiwa wameshafariki, zilisikika juu ya ngoma nzito za kompyuta, zile ambazo vijana walizizoea katika kumbi za dansi. Aliyeitengeneza, Martyn Bennett, alikuwa mmoja wa wapigaji mahiri kabisa wa bagpaipu, ile zumari yenye mfuko wa hewa, lakini wakati huo maradhi yalikuwa yamemnyang'anya nguvu za kupiga. Waliosikiliza walijiuliza imekuwaje muziki wa kale kiasi kile na mashine mpya kiasi kile vikakaa pamoja bila kugombana. Jibu halimo ndani ya albamu moja. Lilianza kujengeka miaka mingi kabla Bennett hajazaliwa.

Chombo chenyewe

Mpiga zumari wa mwambao wa Afrika Mashariki hujaza hewa mashavuni, akaisukuma nje huku akivuta pumzi kwa pua, ili sauti isikatike katikati ya ngoma. Bagpaipu imelitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Mpigaji hupuliza hewa ndani ya mfuko wa ngozi ulio kwapani, kisha huubana kwa mkono, na hewa hutoka kwa msukumo ule ule hata anapovuta pumzi. Hewa hiyo huingia katika bomba lenye matundu, ambalo ndilo linaloimba, na katika mabomba mengine marefu ambayo kila moja hutoa sauti moja tu, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Sauti hiyo isiyobadilika tutaiita mvumo.

Mambo matatu ya chombo hiki yanaeleza karibu kila kilichotokea baadaye. Kwanza, bagpaipu ya Nyanda za Juu za Uskoti ina noti tisa tu. Pili, haiwezi kunyamaza wala kupunguza sauti; noti mbili zinazofanana zikifuatana, mpigaji lazima azitenganishe kwa noti fupi za mapambo, na hapo ndipo ufundi wake wote unapoonekana. Tatu, noti yake ya msingi, inayoitwa A, siku hizi hulia karibu na hezi 480, ilhali piano na gitaa hutegeshwa A ya hezi 440. Ukiiweka bagpaipu hiyo kando ya piano bila marekebisho, utasikia vyombo viwili vinavyovutana. Kwa muda mrefu chombo hiki kilipigwa peke yake au pamoja na wenzake wa aina moja, na sababu mojawapo ni hiyo.

1746 hadi 1914: silaha, shindano na himaya

Baada ya waasi wa Jacobite, waliotaka kumwondoa mfalme wa Uingereza, kushindwa katika vita vya Culloden mwaka 1746, mpiga zumari mmoja aliyeitwa James Reid alifikishwa mahakamani katika mji wa York. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakubeba bunduki wala upanga. Mahakama ikasema kikosi cha Nyanda za Juu hakiendi vitani bila mpiga zumari, kwa hiyo zumari yake ni silaha. Alinyongwa Novemba mwaka huo. Watu wengi husimulia kwamba sheria iliyofuata ilipiga marufuku bagpaipu. Ukweli ni kwamba sheria ilitaja silaha na mavazi ya Nyanda za Juu, zumari haikutajwa.

Kilichobadilisha muziki huu kilikuwa kitu kingine: mabwana wa koo walipoteza nguvu, na pamoja nao zikapotea familia za wapigaji waliolishwa na mabwana hao. Mashuhuri kati yao walikuwa akina MacCrimmon wa kisiwa cha Skye, waliowapigia machifu wa MacLeod. Walifundisha kwa kuimba. Kila noti na kila pambo lilikuwa na silabi yake, na mwanafunzi aliukariri utungo mzima kwa mdomo kabla ya kugusa chombo. Mfumo huo huitwa canntaireachd, nao ni ushahidi kwamba zumari na sauti ya binadamu katika Nyanda za Juu vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1781 Jumuiya ya Highland ya London iliandaa shindano la kwanza la wapigaji, mjini Falkirk. Baadaye jeshi la Uingereza likawa mwajiri wao mkubwa. Mashindano na jeshi viliuokoa muziki huu, hilo sina shaka nalo. Lakini vilidai bei: majaji walitaka utungo upigwe kama ulivyoandikwa, na gwaride lilitaka mapigo yasiyoyumba. Mpigaji aliyebuni jambo jipya alijihatarisha kupoteza tuzo.

Jeshi ndilo lililoipeleka bagpaipu ya Kiskoti duniani. Sialkot, katika Pakistan ya leo, ukawa mji wa mafundi wanaotengeneza bagpaipu kwa wingi. Katika Ghuba ya Uajemi ilikuta nduguye mwenyeji, habban, zumari ya mfuko wa ngozi inayopigwa pande zote mbili za maji yale. Oman imeikumbatia bagpaipu ya kijeshi kwa moyo kiasi kwamba ina wapigaji wanaoipiga wakiwa juu ya ngamia, na bendi zake zimewahi kutumbuiza Edinburgh mbele ya Waskoti wenyewe.

1951 hadi 1989: kanda na zumari ndogo

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha taasisi ya kukusanya nyimbo na hadithi za Uskoti, School of Scottish Studies. Mwaka huohuo Mmarekani Alan Lomax alifika na mashine yake ya kurekodi, akaongozwa vijijini na mshairi Hamish Henderson. Henderson aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1953 alibisha hodi Aberdeen kwa mwanamke aliyeitwa Jeannie Robertson, wa jamii ya Travellers, watu waliokuwa wakihama na mahema yao na kudharauliwa na wenye nyumba. Alikuta hazina ya nyimbo ndefu za kale. Binti yake, Lizzie Higgins, naye aliimba, na mtu akimsikiliza kwa makini atagundua kwamba mapambo ya sauti yake ni ya kizumari. Baba yake, Donald Higgins, alikuwa mpiga bagpaipu, na binti alijifunza kupamba wimbo kwa kumsikiliza.

Naitaja familia hii kwa sababu yale yaliyofanyika kwa kompyuta nusu karne baadaye yasingewezekana bila kanda zilizorekodiwa siku hizo. Wakusanyaji walidhani wanahifadhi kilichokuwa kinakufa. Kumbe walikuwa wanaweka mbegu.

Wakati huo, mbali na Uskoti, wengine walikuwa wameshaanza kuvuka mipaka. Mwaka 1963 mpiga saksafoni wa Philadelphia, Rufus Harley, aliona kwenye televisheni wapigaji bagpaipu wa kikosi cha Kiskoti cha Black Watch katika mazishi ya Rais Kennedy. Mwanajazi huyu Mmarekani mweusi alitafuta bagpaipu, akaipata katika duka la rehani New York, na mwaka 1965 akatoa albamu ya Bagpipe Blues. Katika Brittany, Ufaransa, Alan Stivell alipanda jukwaa la Olympia mjini Paris mwaka 1972 akiwa na kinubi, bagpaipu na gitaa za umeme, na baada ya usiku ule vijana wa Brittany hawakuona haya tena kwa muziki wa babu zao.

Katika Uskoti kikwazo cha hezi 480 kilibaki pale pale, hadi mafundi walipokishughulikia. Kuanzia miaka ya 1980 Colin Ross wa kaskazini mwa Uingereza, na baada yake Hamish Moore wa Uskoti, walifufua zumari ndogo za aina ya zamani, zinazopulizwa kwa mvukuto wa kiwiko badala ya mdomo. Sauti ya zumari hiyo ni ya upole, nayo imetegeshwa sawa na fidla na gitaa. Mpigaji wa bagpaipu kubwa aliweza kuichukua na kuipiga kwa mtindo uleule wa vidole aliofundishwa. Ghafla mtu aliyekulia kwenye mashindano ya gwaride aliweza kuketi studioni na wanamuziki wengine. Magazeti hayakuuandika ugunduzi huu kwa herufi kubwa, lakini kwa maoni yangu ndio uliofungua mlango zaidi kuliko albamu yoyote.

1990 hadi 1996: mvumo unakutana na mvumo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Uingereza walikuwa wakikesha wakicheza muziki wa mashine katika maghala na mashamba. Serikali ilichukizwa, na sheria ya mwaka 1994 ikalenga waziwazi mikusanyiko ya muziki wa midundo inayojirudia. Wakati huohuo bei ya kompyuta na sampla, mashine inayonasa sauti na kuicheza upya, ilishuka hadi kijana wa kawaida akaweza kuwa na studio chumbani.

Muziki ule wa kukesha ulikuwa na tabia ambazo mpiga bagpaipu alizijua tangu utoto. Sauti nzito ya chini isiyokatika. Kipande kifupi cha wimbo kinachorudiwa na kubadilishwa kidogo kidogo. Nguvu inayoongezeka bila kituo hadi wachezaji wanasahau muda. Mtu aliyekaa chini ya mvumo wa bagpaipu kwa nusu saa hahitaji kufundishwa maana ya muziki wa dansi wa kielektroniki.

Mwaka 1990 kundi la Mouth Music lilichukua nyimbo za Kigaeli, lugha ya kale ya Nyanda za Juu, ambazo watu waliziimba kuchezesha dansi pasipokuwa na chombo, likaziweka juu ya midundo ya Kiafrika na sinthesaiza. Kisiwani Skye kundi la Peatbog Faeries, likiongozwa na mpiga zumari Peter Morrison, lilitoa albamu yake ya kwanza, Mellowosity, mwaka 1996.

Hatua iliyosikika mbali zaidi ilitoka London. Prodyuza Simon Emmerson alikuwa akifanya kazi na Baaba Maal wa Senegal, akashangazwa na jinsi nyimbo fulani za huko zilivyofanana na nyimbo za polepole za Ireland. Mwaka 1995 aliwakusanya wanamuziki wa pande zote mbili katika studio za Real World, kijiji cha Box, na kundi la Afro Celt Sound System likazaliwa. Albamu ya kwanza, Sound Magic, ya 1996, ina bagpaipu ya Ireland ya Davy Spillane na Ronan Browne, kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi, na ngoma za Senegal, sauti ya Iarla Ó Lionáird anayeimba Kigaeli cha Ireland, na mashine za midundo. Humo pia yumo Mkenya, Ayub Ogada, na nyatiti yake ya Kijaluo. Ogada alikuwa ameshatoa albamu yake mwenyewe, En Mana Kuoyo, kwa kampuni hiyohiyo mwaka 1993, na nyatiti yake haikuonekana mgeni kati ya zumari na kora.

Wakati ule zilizagaa hadithi kwamba Waselti wa kale walipita Afrika, na kwamba ndiyo maana muziki unafanana. Sioni haja ya hadithi hiyo. Mvumo, kurudia, na ngazi za sauti zenye noti chache hupatikana popote ambapo muziki umetungwa kwa sikio na kufundishwa kwa mdomo. Watu hawa walielewana kwa sababu walifundishwa kwa njia moja, ingawa maelfu ya kilomita yaliwatenganisha.

Asturias, 1998

Katika Asturias, kaskazini mwa Uhispania, kuna bagpaipu pia, na huko mpigaji José Ángel Hevia alikwenda njia tofauti na wenzake wote. Badala ya kuipeleka zumari kwenye kompyuta, yeye na wenzake wawili, Alberto Arias na Miguel Dopico, walitengeneza zumari ambayo ndani yake ni kompyuta: vidole vinagusa sehemu zenye vihisio, na sauti inatoka kwenye spika au vipokea sauti vya masikioni. Albamu ya Tierra de Nadie ya mwaka 1998 iliuza zaidi ya nakala milioni moja, na wimbo wake wa Busindre Reel ulipigwa redioni kote Ulaya. Kimauzo mchanganyiko huu ulifanikiwa sana. Kimuziki, naona ulilainisha mno. Ukali wa ulimi wa tete, ule unaokwaruza sikio na kuliamsha, ulipotea ndani ya sauti safi ya mashine.

Martyn Bennett, 1971 hadi 2005

Alizaliwa Newfoundland, Kanada, Februari 1971. Mama yake, Margaret Bennett, ni mwimbaji na mtafiti wa mila mwenye asili ya Skye, na mtoto alikua akisikia nyimbo za Kigaeli jikoni na kwa wazee ambao mama yake aliwatembelea kwa kazi. Familia ilipohamia Uskoti alijifunza bagpaipu Kingussie, na akiwa bado mdogo akaanza kushinda mashindano. Alipofika miaka 15 aliingia shule maalumu ya muziki ya jiji la Edinburgh, kisha akasomea fidla na piano katika chuo cha juu cha muziki Glasgow. Usiku alikwenda kwenye kumbi za dansi.

Hapo ndipo tofauti yake na wengi. Alikuwa na elimu tatu kwa wakati mmoja: ya mdomo kutoka kwa mama na wazee, ya karatasi kutoka chuoni, na ya spika kubwa kutoka Glasgow na Edinburgh. Hakuwa mgeni katika nyumba yoyote kati ya hizo.

Albamu yake ya pili, Bothy Culture ya mwaka 1997, ilichukua jina la vibanda ambamo vibarua wa mashambani walilala na kuimbiana usiku, na ilidai kwamba ukumbi wa dansi ni kibanda kilekile kilichopanuka. Ndani yake kuna fidla na zumari za Uskoti zikipokezana na mwangwi wa muziki wa Uturuki na India. Kuna pia wimbo uitwao Hallaig, ambamo mshairi Somhairle MacGill-Eain, aliyefariki mwaka 1996, anasikika akisoma mwenyewe shairi lake kuhusu kijiji cha kisiwa cha Raasay ambacho watu wake walifukuzwa. Bennett aliuacha mdundo ukae nyuma na kumwachia mzee nafasi. Nauona uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko ufundi wote wa mashine uliomo.

Mwaka 2000 alitoa Hardland pamoja na Martin Low, kazi kali ya kielektroniki kuliko zote. Mwaka huohuo aligunduliwa kuwa na kansa ya tezi za limfu. Yakafuata matibabu mazito, mwili ukadhoofika, na vidole vilivyoshinda mashindano havikumtii tena. Siku moja, kwa uchungu, alivivunja vyombo vyake. Mwaka 2002 alitoa Glen Lyon, ambapo mama yake anaimba nyimbo za ukoo wao.

Kisha ikaja Grit. Kwa kuwa hakuweza kupiga, alirudi kwenye kanda. Alichukua rekodi za zamani, nyingi zikiwa za Travellers na waimbaji wa Kigaeli, akaziingiza kwenye kompyuta. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mwimbaji wa kale haimbi kwa kufuata kipimo cha mashine. Anavuta neno hapa, anaharakisha pale, kwa kadiri hadithi inavyomwongoza. Mtengenezaji mvivu humkatakata mwimbaji hadi alingane na ngoma. Bennett aliijenga ngoma kumzunguka mwimbaji. Katika Move anaimba Sheila Stewart, mwana wa Travellers, juu ya watu wanaofukuzwa kila wanapopiga kambi, na mdundo unasukuma kwa hasira ileile iliyomo katika maneno. Katika Blackbird anaimba Lizzie Higgins, yule binti aliyepamba sauti kwa mapambo ya zumari ya baba yake. Zumari ilikuwa imeingia katika koo la mwimbaji, koo likaingia katika kanda, na kanda ikafika mikononi mwa mpiga zumari asiyeweza tena kushika chombo chake.

Martyn Bennett alifariki Edinburgh tarehe 30 Januari 2005, akiwa na umri wa miaka 33. Desemba mwaka huohuo alifariki Gordon Duncan wa Pitlochry, mfanyakazi wa gari la taka aliyetikisa dunia ya bagpaipu kwa tungo zake na kwa kuupiga wimbo wa roki wa AC/DC, Thunderstruck, kwa noti tisa. Uskoti ilipoteza wabunifu wake wawili wakubwa wa zumari ndani ya mwaka mmoja.

Baada ya 2005

Wengi walidhani Grit haiwezi kupigwa jukwaani, kwa kuwa nusu yake ni watu waliokwisha kufa. Mpiga fidla Greg Lawson alikataa. Aliiandika upya albamu nzima kwa ajili ya okestra ya wanamuziki wapatao 80, wa mila, wa klasiki na wa jazi, na Januari 2015 kazi hiyo ilifungua tamasha la Celtic Connections mjini Glasgow. Muziki uliokwenda kutoka mdomo hadi kanda, na kanda hadi kompyuta, ulirudi mikononi mwa watu. Mwaka 2018 okestra hiyohiyo ilifanya vivyo hivyo na Bothy Culture katika ukumbi mkubwa wa Hydro.

Kizazi kilichofuata hakikuhitaji kuomba ruhusa. Niteworks, vijana wa Skye wenye bagpaipu na sinthesaiza, walitoa albamu tatu kati ya 2015 na 2022. Brìghde Chaimbeul, naye wa Skye, anapiga zumari ndogo na amejifunza kutoka kwa wapigaji wa Bulgaria. Albamu yake ya 2023, Carry Them With Us, aliifanya na mpiga saksafoni Colin Stetson. Chaimbeul ameuweka mvumo wenyewe mbele, ukae muda mrefu bila haraka, na anasikika wa kisasa kabisa bila mdundo wa mashine hata mmoja.

Tangu mwaka 2010 rekodi nyingi za wakusanyaji wa Edinburgh ziko wazi kwa kila mtu katika tovuti ya Tobar an Dualchais, bila malipo. Msomaji anayetaka kulisikia jambo hili kwa masikio yake asianze na Grit. Amtafute kwanza Lizzie Higgins akiimba peke yake, bila chombo, amsikilize mara mbili au tatu. Baada ya hapo ndipo afungue Blackbird, na sauti ya spika aiongeze.